Jiwe la Wasiwasi

Sehemu ya kumi na moja

Kofia ilikuwa ya bluu.

Najua mmekaa roho juu wiki nzima, na wengine mmenisema vibaya kwa kuwaacha pale kofia inabingirika kwenye vumbi. Haya, sasa mmejua. Mhandisi, yule mwanamke wa halmashauri anayesimamia ujenzi, aliifuta kwa mkono wa shati lake, akaiona rangi. Pale saiti kofia nyeupe ni za wakubwa, za njano ni za vibarua, na ya bluu ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya nyapara.

Kwa aliyechelewa kuingia: hospitali ya umma ilikuwa inajengewa wodi mpya ya wazazi, na asubuhi ile slabu ya ghorofa ya kwanza, zege lake bado bichi, iliporomoka huku wageni wa heshima wakiwa njiani kuja kuiona kazi na kufungua bomba jipya la maji. Nyapara alikuwa chini yake. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Pimamaji, kama kile kifaa cha fundi cha kupimia unyoofu, kwa sababu hakuweza kupita mbele ya ukuta uliopinda bila kuumwa kichwa. Alikuwa mdogo wake Mkandarasi, tumbo moja, na ndiye mtu pekee aliyemwita Mhandisi "shemeji" mbele za watu wakati kaka mtu mwenyewe hajatamka lolote.

Mhandisi hakungoja mashine. Alijitupa chini, akaanza kuchimba kwa mikono. Zege lilikuwa linamenyeka vipande vipande, nondo zinamchana viganja, kucha zinabaki humo humo. Upande wa pili Mkandarasi naye alikuwa anachimba, machozi na kamasi vinamtiririka kama mtoto mdogo. Hawakutazamana.

Walimfikia. Alikuwa hai.

Mrunda mmoja, nguzo ya kutegemezea slabu, ulikuwa umemlalia kifuani, uso umejaa vumbi, macho tu ndiyo yanacheza. Alipomwona Mhandisi alijaribu kucheka, maana ndivyo alivyokuwa, hata siku ya dhiki lazima akutanie.

"Shemeji," alisema. "Kaka alikwambia?"

"Aliniambia nini?"

 Aliyahamisha macho taratibu kwa kaka yake, akayaacha hapo. Daktari alikuja mbio kutoka jengo la zamani, akamshika shingoni, kisha akamfumba macho. Hospitali ilikuwa pua na mdomo, na haikumsaidia.

Sasa tulieni niwaambie, maana hapa ndipo penye kidonda.

Kazi za serikali mnazijua zinavyokwenda. Halmashauri inakaa huku, mkandarasi kule, kila mmoja anamvizia mwenzake akosee ili amburuze mahakamani, na mwisho wake jengo linabaki gofu lenye majani. Wodi hii ilikataa mambo hayo. Walikaa meza moja, halmashauri, mkandarasi na msanifu wa majengo, wakatia saini mkataba mmoja: faida yetu, hasara yetu, hakuna kumshtaki mwenzako. Ukiona hatari, iseme mapema. Ukishaisema, hakuna wa kuuliza kosa ni la nani, wote mnainama kulitengeneza. Watu waliwacheka sana. Mkurugenzi wa halmashauri, ndiye bosi wake Mhandisi, aliuita mkataba wa wapendanao.

Lakini ulifanya kazi, tusiudhulumu. Na lililoufanya ufanye kazi ni jiwe la Pimamaji.

Siku ya kwanza ya kumwaga zege ilibaki sampuli moja, kipande cha pande sita, ukubwa wa nusu mkate. Pimamaji alikiweka mezani kibandani, akatunga sheria yake. Kila asubuhi kabla ya kazi jiwe lazima lizunguke mkono kwa mkono. Likikufikia, unasema wasiwasi wako, na ukiwa umelishika hakuna ruhusa ya mtu kukukatiza. Kama huna, unasema "sina", unampa jirani. Kwa jiwe lile waliokoa ngazi iliyokosewa vipimo, wakaokoa ukuta wa chumba cha upasuaji. Kuna siku Pimamaji alilishika, akakohoa, akasema wasiwasi wake ni kwamba kaka yake ataoa akiwa na mkongojo. Kibanda kizima kilivunjika mbavu, kaka mtu peke yake ndiye hakucheka. Mhandisi alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza, akakaa huko mpaka uso ulipopoa.

Sasa sikieni ambalo Mhandisi hakuwa amemwambia mtu.

Jioni ya kuamkia siku ya balaa alipita chini ya slabu. Kona ya nyuma, mirunda iliyokuwa imeshikilia zege ilikuwa imezama kidogo. Chini palikuwa na tope, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu lini. Alilijua lile ni jambo la jiwe. Akalala nalo, akaamka nalo, akaenda nalo kibandani.

Jiwe likamfikia. Akainua macho aseme, na mbele yake Mkandarasi alikuwa anacheka.

Msilione dogo hilo. Tangu amzike mkewe, mtu yule hakuna aliyekuwa amemwona jino. Siku ile alikuwa amevaa shati jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Wageni wanakuja kuiona kazi ya mikono yake, na kiti cha karibu naye alikuwa amemwekea Mhandisi. Mhandisi akaona vibaya kumharibia. Nitamwambia pembeni, alijisemea, chai ikiisha.

"Sina," alisema, akampa jirani jiwe.

Chai ilikuwa haijaisha slabu iliposhuka.

Siku ya mazishi Mhandisi alijibanza ukutani nyuma ya watu. Alitaka kuja na alitaka kukimbia, vyote kwa pamoja. Mama wa marehemu, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, alitoka katikati ya wenzake, akamfuata mpaka pale pale, akaichukua mikono yake yenye bandeji.

"Nimeambiwa wewe ndiye uliyemchimba mwanangu," alisema. "Mungu akuponye mikono hii, mama."

Mhandisi alifungua mdomo amwambie. Kilichotoka ni kilio. Basi mama wa watu akamvuta kifuani, akaanza kumbembeleza yeye, anampigapiga mgongoni, anamwambia nyamaza, nyamaza, imeshakuwa. Mfiwa anambembeleza aliyemnyamazia mwanawe. Mhandisi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliondoka pale hata hajamsalimia Mkandarasi.

Kesho yake Mkurugenzi akamwita ofisini. Alifunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo mtu yule halifanyi, akamkaribisha kiti, akampa pole ndefu. Kisha akaja kwenye shida yake. Uchunguzi unaanza asubuhi inayofuata. Huko juu wanataka mtu mmoja wa kubeba, na mambo ya meza moja yameisha siku slabu ilipoanguka. Mkandarasi lazima alijua mirunda inazama, maana mirunda ni yake. Halmashauri haikuambiwa kitu.

"Asubuhi ile jiwe lenu lilipofika kwako," aliuliza, "ulisema nini?"

"Nilisema sina."

"Basi. Ukiulizwa jibu hivyo hivyo. Mimi sijakuomba udanganye."

Mmeuona mtego? Hakuna neno la uongo hata moja ndani yake. Akisema "nilisema sina" na kukaa chini, amesema kweli, na halmashauri imenawa mikono. Mkandarasi atakwenda jela peke yake, na kampuni aliyoijenga tangu ujana itafungwa. Akiongeza sentensi moja tu, kwamba aliona akanyamaza, cheti chake cha uhandisi kinakwenda na kazi inakwenda, na lango la jela litakuwa wazi kwake pia. Mkurugenzi alimsindikiza mpaka mlangoni, na njiani akagusia kwamba nafasi ya msaidizi wake iko wazi tangu mwaka jana.

Mhandisi alitoka pale moja kwa moja mpaka saiti. Alikuwa amekata shauri kumwambia Mkandarasi kila kitu, amchukie leo leo, yaishe.

Saiti ilikuwa kimya. Mashine ya kuchanganyia zege imefunikwa turubai, ndoo zimeinamishwa, utepe wa polisi unapepea. Mkandarasi alikuwa kibandani peke yake, amekaa kiti chake kile kile, amevaa shati lile lile jipya, zege limekaukia kifuani. Jiwe lilikuwa mezani mbele yake.

"Nina jambo," Mhandisi alisema.

"Kaa kwanza. Niache nianze mimi, nikichelewa nitashindwa."

Akakaa. Mkandarasi hakumtazama. Aliongea na meza.

"Alfajiri ile mdogo wangu alinijia. Aliniambia mirunda ya kona ya nyuma inazama, kuna bomba linavuja chini kwa chini. Alitaka aliseme hapa, jiwe likimfikia. Mimi nikamkataza."

"Ulimkataza kwa nini?"

"Bomba lile ulilisimamia wewe. Na bosi wako alikuwa anakuja na wageni kulifungua. Sikutaka uaibike mbele ya watu. Nikamwambia tungoje wageni waondoke, nitazungumza nawe mwenyewe, taratibu."

Kaka alikwambia? Kumbe ndilo swali alilokuwa anauliza mtu wa watu, mrunda kifuani.

Mhandisi akaiona asubuhi yote upya. Jiwe limefika kwa Mkandarasi, amesema sina. Limefika kwake, amesema sina. Limefika kwa Pimamaji, ambaye hajawahi kulala na ukuta uliopinda, naye kwa heshima ya kaka yake akasema sina. Halafu wenzake walipoinuka kwenda chai, yeye akachukua mbao begani, akaenda chini ya slabu kuitegemeza peke yake, kimya kimya, ili asimwaibishe mtu.

"Mimi niliiona," Mhandisi alisema. "Jioni ya jana yake. Niliiona mirunda, nikaliona na tope. Nilikuja hapa niseme, nikakukuta unacheka. Nikanyamaza kwa ajili ya shati lako."

Mkandarasi aliinama akalitazama shati. Akaanza kubandua zege lililogandia kwenye kifungo, kipande kimoja kimoja. Mhandisi alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe.

"Kesho usiseme," Mkandarasi alisema mwishowe. "Mmoja anatosha. Nimezika mke, nimezika mdogo wangu. Wewe nisikuzike nikiwa nakuona."

Siku nyingine yoyote Mhandisi angetoka na maneno hayo mbio akacheke chumbani kwake. Miaka miwili alikuwa anayangoja. Siku ile yalimkata maini.

"Ndivyo tulivyomuua," alimwambia. "Wewe unanificha mimi, mimi nakuficha wewe. Yuko kaburini na bado tunafanya vile vile."

Mkandarasi aliangusha kichwa mezani. Alilia kwa sauti, mtu mzima. Mhandisi alisimama nyuma yake na mkono wake ukaenda mpaka karibu na bega lake. Haukufika. Badala yake alilichukua lile jiwe, akalitia mkobani, akaondoka.

Ukumbi wa uchunguzi ulijaa mpaka madirishani. Meza zilikuwa zimetenganishwa: ya halmashauri kulia, Mkurugenzi amekaa katikati na suti yake, ya mkandarasi kushoto, mtu mmoja tu. Mwenyekiti wa uchunguzi, mzee mwenye miwani minene, alikaa mbele. Mama wa marehemu alikuwa kwenye benchi la kwanza, mkoba umekaa mapajani.

Aliitwa Mkandarasi kwanza. Hakutaka kukaa. Alisema alijua mirunda inazama, mdogo wake alimwambia, naye akamkataza kusema. Akaulizwa kama kuna mwingine aliyejua.

"Hakuna," alisema. "Nilijua peke yangu."

Ukumbi ulinong'ona. Mama alifumba macho. Hilo la kwamba mkubwa alimnyamazisha mdogo alikuwa hajalisikia, na sasa amelisikia mbele ya kadamnasi. Mkandarasi alirudi kwenye meza yake akiwa amezeeka njiani.

Akaitwa Mhandisi. Mwenyekiti aligeuza karatasi, akasema ameelezwa juu ya desturi yao ya jiwe. Je, lilipofika mkononi mwake asubuhi ile, alisema nini? Kule kulia Mkurugenzi aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka.

Mhandisi alifungua mkoba, akalitoa jiwe, akaliweka juu ya meza ya ushahidi. Hakuliachia. Watu wa nyuma walisimama waone ni nini.

"Nilisema sina," alijibu. "Na wasiwasi nilikuwa nao. Niliiona mirunda imezama jioni ya jana yake, nikanyamaza. Mkandarasi anasema alijua peke yake. Si kweli, ananificha."

Mkurugenzi alinyanyuka nusu, akakaa. Mkandarasi alijifunika uso. Mhandisi hakuwaangalia wote wawili, alimwangalia yule mwanamke mfupi wa benchi la mbele.

"Mama, ulinishika mikono ukaniombea dua, nami nikakuacha uniombee. Ningesema neno moja asubuhi ile, mwanao angekuwa nyumbani."

Hapo ndipo alipoliachia jiwe.  Kazi imekwenda, alijua. Na yule ambaye hakutaka kumpoteza, naye amempoteza.

Mama alisimama.

Alikuja mbele kwa mwendo wake ule ule, hana haraka. Mwenyekiti alimwambia kwa upole kwamba nafasi yake ya kusema itafika, asubiri. Mama hakugeuka. Alilishika jiwe kwa mikono miwili, akalinyanyua, likamlemea kidogo, akalipakata.

"Mwenyekiti," Mkandarasi alisema kutoka kule kwake. "Akiwa amelishika hakatizwi."

Mwenyekiti alimtazama, akamtazama mama, akavua miwani yake.

"Jiwe hili nalijua," Mama alisema. "Mwanangu alikuwa akinisimulia habari zake tukila. Sheria zake nazijua." Akamgeukia mwanawe mkubwa, kisha Mhandisi. "Nyinyi wawili mlioneana huruma. Yeye hakuna aliyemwonea. Leo sina zaidi ya hapo la kuwaambia, na kesho sijui."

Hakupandisha sauti. Mhandisi angeona afadhali angepigwa kofi.

"Lakini ninao wasiwasi mmoja," Mama akaendelea. "Asubuhi ile alipotoka kwa kaka yake alirudi nyumbani abadilishe viatu. Nilikuwa nampigia pasi shati. Akapiga simu. Alimwamkia mtu kwa adabu sana, akamwomba afunge maji ya bomba kubwa, akamweleza kwa nini, neno kwa neno, na kwamba slabu itaanguka. Sikumsikia wa upande wa pili. Nilimsikia mwanangu akijibu, 'Kwa hiyo mpaka mgeni amalize kufungua bomba lake?' Kisha akasema, 'Sawa, mkubwa.' Akavaa kofia yake, akaniambia, Mama, nawahi, leo nina kazi ya peke yangu."

 Mkandarasi aliondoa mikono usoni. Hilo la simu hata yeye alikuwa halijui.

Mama alianza kutembea na jiwe lake kifuani. Alimpita Mhandisi. Aliipita meza ya mwanawe, mwanawe akanyoosha mkono, hakuupokea. Akavuka ukumbi mpaka upande wa kulia, kwenye meza ya halmashauri. Akasogeza glasi ya maji pembeni, akaliweka jiwe chini taratibu, mbele ya suti ya Mkurugenzi.

"Haya, baba," alimwambia. "Limekufikia."

Mkurugenzi hakuligusa.